Bendera ya Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watu wa Kanda ya Ziwa

Maswali haya huulizwa na wanafunzi, mafundi wa kuchora mabango, wavuvi, na wazazi wanaokaa jioni na watoto kufanya kazi za nyumbani, hapa Mwanza na ng'ambo ya maji: Ukerewe, Sengerema, Geita, Bukoba, Musoma. Majibu mengi yaliyozoeleka yanaitazama bendera kutokea Dar es Salaam na Unguja. Nimejibu nikiwa nimesimama upande wa Ziwa, kwa sababu naamini watu wa huku wana haki ya kujiona katika kila rangi ya kitambaa kile.

Bendera yetu ilianza kutumika lini hasa?

Tarehe 30 Juni 1964. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulifanyika 26 Aprili mwaka huo, na jina la Tanzania likatangazwa baadaye, 29 Oktoba 1964. Kwa hiyo bendera ni kongwe kuliko jina la nchi. Miezi minne ilipepea juu ya nchi iliyokuwa bado inaitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar.

Mtoto akiandika kwenye mtihani kwamba bendera hii ilipandishwa 9 Desemba 1961, amekosea. Iliyopanda siku hiyo ilikuwa ya Tanganyika, na haikufanana na ya sasa.

Basi bendera ya Tanganyika ilikuwaje? Na ya Zanzibar?

Ya Tanganyika ilikuwa na mistari ya kulala: kijani juu, nyeusi katikati, kijani chini. Kila nyeusi ilipokutana na kijani palipita mchirizi mwembamba wa njano. Ukiiondoa hiyo michirizi ya njano unabaki na bendera ya TANU, chama kilichoanzishwa 7 Julai 1954. Taifa lilichukua kitambaa cha chama kilichodai uhuru, likakiongezea njano.

Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, bendera ya Uingereza ilishushwa na hiyo ya Tanganyika ikapandishwa, Prince Philip akiwa amemwakilisha mkewe, Malkia Elizabeth. Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda alikuwa juu ya Kilimanjaro. Alisimika bendera mpya na kuwasha mwenge, jambo ambalo Mwalimu Nyerere alikuwa amelisema mbele ya Baraza la Kutunga Sheria tangu mwaka 1959. Kilele kile Wajerumani walikuwa wamekipa jina la mfalme wao, Kaiser Wilhelm. Tangu hapo kinaitwa Uhuru.

Zanzibar historia yake ilikwenda kwa kasi zaidi. Kwa miaka mingi visiwa vilikuwa na bendera nyekundu ya Sultani. Walipopata uhuru kutoka kwa Waingereza, 10 Desemba 1963, nyekundu ile ilibaki, ikawekwa duara la kijani katikati lenye karafuu. Ilidumu mwezi mmoja tu. Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yaliiondoa, na kabla mwezi haujaisha Zanzibar ilikuwa na bendera ya bluu, nyeusi na kijani, pamoja na ukanda mwembamba mweupe upande wa mlingoti. Bluu, nyeusi na kijani ndizo zilizokuwa rangi za chama cha Afro-Shirazi (ASP).

Sasa ziweke mbili hizo sakafuni, moja kando ya nyingine. Kijani kipo kwa wote wawili. Nyeusi ipo kwa wote wawili. Njano imetoka Tanganyika, bluu imetoka Zanzibar. Bendera ya Muungano haina rangi hata moja ambayo haikuwemo katika hizo mbili, na iliyoachwa ni ule weupe mwembamba peke yake. Mtu akiniuliza Muungano ni nini, humwonyesha hapo kwanza kabla hatujafika kwenye Katiba.

Kabla ya uhuru, Mwanza palipepea bendera gani?

Jibu hili ni refu, na naona ni kosa kwamba halifundishwi shule za huku.

Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipoliona Ziwa akiwa hapa Mwanza, 3 Agosti 1858, nchi zote za pwani hii zilikuwa chini ya watemi wa Usukuma, wakama wa Buhaya na watawala wengine wa kienyeji. Alama za mamlaka zilikuwa ngoma, viti na mikuki. Kitambaa cha kupandisha kwenye mti kililetwa na wageni.

Wajerumani walifika kutokea magharibi ya Ziwa na kutokea Tabora. Emin Pasha, aliyekuwa akifanya kazi kwa niaba yao, alianzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Mwaka huohuo, tarehe 1 Julai, Ujerumani na Uingereza zilikubaliana kwamba mpaka wao ndani ya Ziwa upite nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Ndiyo sababu mpaka wetu na Uganda majini umenyooka kama uliopigwa kwa rula: ulichorwa Ulaya, na watu ambao hawakuwahi kutega nyavu huku. Boma la Mwanza lilifuata, na juu yake ikapanda bendera ya nyeusi, nyeupe na nyekundu ya Dola ya Ujerumani.

Vita Kuu ya Kwanza ililifanya Ziwa kuwa uwanja wa mapambano. Wajerumani walikuwa na boti ndogo yenye bunduki iliyoitwa jina la mji wetu, kwa tahajia yao: Muansa. Waingereza wakitokea Kisumu walikuwa na meli kadhaa walizozifunga mizinga. Julai 1916 waliteka Mwanza, na bendera ya Ujerumani ikashuka moja kwa moja.

Kilichofuata ni bendera ya Waingereza ya Tanganyika: nyekundu, yenye bendera ya Uingereza kwenye pembe ya juu na kichwa cha twiga upande wa pili. Tanganyika haikuwa koloni kamili kisheria. Ilikuwa nchi iliyokabidhiwa Uingereza na Shirikisho la Mataifa, na baada ya 1946 na Umoja wa Mataifa. Kwa mkulima wa pamba aliyelipa kodi ya kichwa pale Kwimba, tofauti hiyo haikumpunguzia kitu.

Ni kweli TANU ilipigwa marufuku Kanda ya Ziwa?

Ni kweli, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo.

TANU ilipoanza mwaka 1954, Jimbo la Ziwa lilikuwa limeiva kisiasa kuliko sehemu nyingi. Wakulima wa pamba walikuwa wamechoka kupunjwa kwenye mizani na wanunuzi, wakaunda vyama vyao vya ushirika. Vyama hivyo viliungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Mkulima aliyejifunza kuhesabu kilo zake mwenyewe na kumchagua katibu wake hawezi kuambiwa kwamba hajawa tayari kujitawala. Serikali ya kikoloni iliona hatari hiyo mapema. Mwishoni mwa 1954 ilikataa kuandikisha TANU Usukumani, na katazo hilo likaendelea mpaka mwaka 1958.

Kwa hiyo wakati kijani na nyeusi za TANU zikipepea Dar es Salaam na mikoa mingine, hapa kwetu hazikuwa na mlingoti wa hadharani. Watu waliendelea kukutana kwa njia nyingine, wengi kupitia ushirika. Bhoke Munanka ni miongoni mwa viongozi ambao majina yao hayatengani na miaka hiyo. Mwaka 1958 wananchi wa Geita walikataa baraza la wilaya lililopangwa na Waingereza la kuchanganya watu kwa mafungu ya rangi zao. Maelfu walitembea na kuvuka hadi Mwanza kupeleka malalamiko, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Mwaka huohuo katazo liliondolewa.

Ninapomwona mtoto wa shule ya msingi pale Sengerema au Geita akivuta kamba asubuhi, naona kwamba kile kijani kilifika kwao kwa kuchelewa, na kwa gharama. Haki ya kukipandisha walipigania babu na bibi zake, kwa miguu yao.

Bluu ni bahari au ni ziwa?

Vyote. Maelezo rasmi husema bluu ni maji: bahari, maziwa na mito. Lakini kwa kuwa rangi yenyewe iliingia kupitia Zanzibar, walimu wengi hufupisha na kusema "bluu ni Bahari ya Hindi", na mtoto wa Nansio anakariri hivyo huku maji anayoyaona dirishani ni mengine kabisa.

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Mikoa mitano inagusa maji yake: Kagera, Geita, Mwanza, Simiyu na Mara. Humo ndimo wanamotoka sangara wanaopelekwa Ulaya, na dagaa wanaoanikwa Mwaloni Kirumba na kulisha nusu ya nchi. Mwalimu anayefundisha huku aseme "bluu ni Ziwa letu, na Bahari, na Ziwa Tanganyika, na Ziwa Nyasa, na mito yote". Hatakuwa amepotosha hata chembe.

Na njano? Ni dhahabu ya Geita?

Njano ni madini ya nchi nzima, na Kanda ya Ziwa ina fungu kubwa. Geita walikuwa wakichimba dhahabu tangu miaka ya 1930, mgodi wa zamani ukafungwa miaka ya 1960, na mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Kusini yake kuna Bulyanhulu, na Mwadui ya Shinyanga, ambako Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Tangu 2021 Mwanza ina kiwanda chake cha kusafisha dhahabu.

Wengine huuliza kwa nini basi utajiri wenye thamani kiasi hicho umepewa michirizi myembamba hivyo. Sina jibu la mchoraji. Naweza kusema ninavyoiona mimi: njano imepakana na ule weusi pande zote mbili, na nyeusi ni watu. Utajiri uko pembeni ya wananchi, nao ndio walio katikati. Wakazi wengi wa vijiji vinavyozunguka migodi wangependa hilo liwe kweli zaidi kuliko lilivyo sasa.

Nyeusi ni watu weusi peke yao?

Ni wananchi wa Tanzania. Ilipochaguliwa na TANU, ilikuwa rangi ya fahari ya Mwafrika aliyekuwa akidharauliwa kwa rangi hiyohiyo, na hilo halina haja ya kufichwa. Lakini uraia haukujengwa juu ya ngozi. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika tu. Nyerere aliwakatalia kwa ukali, akisema yuko tayari kujiuzulu kuliko kukubali sheria ya uraia inayofuata rangi. Muswada ukapita bila ubaguzi huo.

Mfano tunao karibu. Amir Jamal, aliyeshika Wizara ya Fedha kwa miaka mingi, alizaliwa hapa Mwanza mwaka 1922 katika familia yenye asili ya Kihindi. Alitumikia taifa hili maisha yake yote. Ule ukanda mweusi ni wake pia.

Kijani?

Ardhi na mimea yake: mashamba, misitu, malisho. Swali hili halina utata.

Nani aliichora bendera? Si yule Mzee Ngosha?

Hapa watu huchanganya mambo mawili: bendera na nembo ya taifa, ile ya bibi na bwana wenye ngao.

Mwaka 2017 nchi nzima ilimwona kwenye televisheni Mzee Francis Maige Kanyasu, aliyejulikana kama Ngosha, akiishi kwa dhiki Buguruni, Dar es Salaam. Alieleza kwamba yeye ndiye aliyechora nembo ya taifa. Alifariki Mei mwaka huohuo katika Hospitali ya Muhimbili. Jina lingine linalotajwa kuhusu nembo hiyohiyo ni la Jeremiah Wisdom Kabati, naye wa Kanda ya Ziwa. Habari hizo zote ni za nembo. Bendera, kama tulivyoona, ilitokana na rangi ambazo tayari zilikuwa za vyama na za nchi mbili.

Iliniuma, na iliwauma wengi, kuona mzee aliyetajwa kwa kazi kubwa hivyo akimaliza siku zake katika chumba cha namna ile. Nchi inayopenda alama zake iwaandike majina wanaozitengeneza, wangali hai.

Kwani nembo na bendera zina uhusiano?

Upo. Itazame ngao ya nembo: juu kuna mwenge katika uwanja wa dhahabu, na chini yake bendera yenyewe, halafu sehemu nyekundu yenye jembe na shoka, na chini kabisa mawimbi ya maji. Ngao imesimama juu ya Kilimanjaro. Bwana na bibi wameshika pembe za ndovu, na utepe unasema Uhuru na Umoja.

Tazama miguuni. Kwa bwana pana karafuu, kwa bibi pana pamba. Karafuu ni Zanzibar. Pamba inaeleweka bila kuuliza na kila aliyekulia Magu, Kwimba, Maswa au Bariadi. Vilevile vyama vya ushirika nilivyovitaja juu vilisimama juu ya zao hilo. Ukitaka kumfundisha mtoto wa Kisukuma kwamba taifa linamjua, mwonyeshe noti yenye nembo na umwelekeze kidole kwenye ule mche wa pamba.

Ipi juu, kijani au bluu? Fundi wetu amechora ukutani na watu wanabishana.

Kijani juu, upande wa mlingoti. Bluu chini, upande unaopepea. Ukanda mweusi unaanzia pembe ya chini karibu na mlingoti na kupanda hadi pembe ya juu ya mbali. Ukiufuata kwa macho ukitoka kwenye mlingoti, unapanda. Ukiona unashuka, bendera imefungwa kichwa chini, au fundi amechora kwa kutazama upande wa nyuma wa kitambaa.

Upande wa nyuma ndio unaowachanganya wengi. Ukisimama upande wa pili wa bendera, mlingoti utauona kuliani kwako, na ukanda utaonekana kama umegeuka. Ni sawa kabisa: kijani bado kiko juu na kimeshika mlingoti. Kwenye ukuta, ambako hakuna mlingoti, chora kana kwamba mlingoti uko kushoto kwa mtazamaji.

Vipimo: kimo 2, urefu 3. Kama kimo ni mita 1, urefu uwe mita 1 na nusu. Mabango mengi ya kampeni na ya harusi huivuta bendera ikawa ndefu kama leso ya kichwani, na ule mshazari unalala mpaka unapoteza nguvu yake. Michirizi ya njano nayo isisahauliwe. Nimeona kuta kadhaa hapa mjini ambapo nyeusi imegusana na bluu moja kwa moja. Hiyo siyo bendera ya Tanzania.

Kwa nini imekatwa mshazari? Ziko nchi nyingine za hivyo?

Ziko, ingawa si nyingi. Namibia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Kongo ya Brazzaville ni za hapa Afrika. Inayofanana nasi mno iko mbali, Saint Kitts na Nevis katika Karibi: kijani juu, ukanda mweusi wenye kingo za njano, isipokuwa chini ni nyekundu na kuna nyota mbili nyeupe. Yao ni ya mwaka 1983, yetu ilitangulia.

Faida ya mshazari kwa Muungano inaonekana kwa macho. Mistari ya kulala ingelazimu mmoja awe juu na mwingine chini yake. Kwa mshazari, pembetatu mbili zimelingana na ukanda wa watu umezishika zote.

Nusu mlingoti maana yake nini, na hufanywaje?

Maana yake taifa liko kwenye msiba. Bendera haifungwi tu katikati. Hupandishwa kwanza mpaka juu kabisa, ikatulia, halafu ikateremshwa hadi nusu. Jioni wakati wa kuishusha, hupandishwa tena mpaka juu ndipo iteremke. Walimu wa zamu wanaombwa wazingatie hilo, maana watoto hukumbuka walichokiona kuliko walichoambiwa.

Kwa watu wa Ziwa, nusu mlingoti si jambo la kusoma vitabuni. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Rais Mkapa alitangaza siku 3 za maombolezo. Wengi wa waliopatikana wamelala makaburi ya Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka jirani na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Rais Magufuli alitangaza siku 4, bendera zikashushwa nusu mlingoti nchi nzima. Machi 2021 zikashushwa tena kwa ajili yake mwenyewe, na mwili wake ukapita Mwanza, uwanja wa CCM Kirumba, kabla ya kwenda kuzikwa Chato.

Familia nyingi hapa zimepoteza mtu majini. Bendera ikiwa nusu, kituo cha polisi cha Mtwara na shule ya Tanga nazo zinaomboleza naye. Hicho ndicho kitambaa kile kinachoweza kufanya ambacho barua ya rambirambi haiwezi.

Kwa nini watu husimama barabarani saa kumi na mbili jioni?

Kwa sababu bendera inashushwa, kama ilivyopandishwa saa kumi na mbili asubuhi. Ukipita mbele ya kituo cha polisi au ofisi ya serikali ukasikia filimbi, simama, nyamaza, elekea kwenye bendera mpaka ikunjwe. Mwenye baiskeli ashuke. Mgeni asiyejua aelezwe kwa upole.

Naruhusiwa kushona fulana au vitenge vya bendera na kuuza?

Bila kibali, hapana. Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971 inakataza kutumia bendera na nembo kwa biashara bila ruhusa. Vijana wengi wa Makoroboi hapa Mwanza wanaotundika fulana kabla ya mechi ya Taifa Stars hufanya hivyo kwa mapenzi, na nawaelewa. Hata hivyo ni vizuri wajue sheria ipo, na waombe kibali kabla ya kuagiza mzigo mkubwa. Kuvaa rangi nne za taifa bila kuiga bendera yenyewe ni njia rahisi zaidi.

Kijani na njano si ni rangi za chama?

CCM ilizaliwa 5 Februari 1977 kwa kuungana TANU na ASP, na bendera yake ni ya kijani yenye jembe na nyundo za njano. Bendera ya taifa ilikuwepo karibu miaka 13 kabla. Ni kweli zina asili ya karibu, lakini ya taifa ni ya kila mwananchi, wa chama chochote na asiye na chama. Mtu asiogope kuipeperusha nyumbani kwake siku ya Uhuru kwa kudhani atahesabiwa upande fulani, na yeyote asiitundike pamoja na ya chama kwenye mlingoti mmoja.

Zanzibar wana bendera yao nyingine sasa?

Ndiyo, tangu Januari 2005: bluu, nyeusi na kijani za kulala, na bendera ya Muungano kwenye pembe ya juu karibu na mlingoti. Hutumika kwa mambo ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Mtumbwi wangu unapaswa kuwa na bendera? Naona wengine wanaweka ya Simba au Yanga.

Ya timu ni ya mapenzi, na haisemi chombo ni cha nchi gani. Meli na boti hupeperusha bendera ya taifa upande wa tezi, nyuma. Usiweke ya timu juu yake.

Majini hakuna uzio wala jiwe la mpaka, kwa hiyo kitambaa kidogo huweza kuzua mambo makubwa. Mfano ni Migingo, kisiwa cha mwamba chenye ukubwa wa nusu ekari hivi, kati ya Kenya na Uganda. Askari wa Uganda walisimika bendera yao pale katika miaka ya 2000, Wakenya wakapinga, na mvutano ukafika hadi kwa marais wa nchi zote mbili. Wavuvi ndio walioumia, kwa kutozwa na kukamatwa. Sisi mpaka wetu na majirani majini umekuwa mtulivu kwa muda mrefu, na anayevua karibu na mstari wa nyuzi 1 ajue bendera za wenzake: ya Uganda ni nyeusi, njano, nyekundu, zikarudiwa, na korongo mwenye taji katikati, ya Kenya ni nyeusi, nyekundu, kijani, na ngao yenye mikuki miwili.

Na ile ya bluu ya Afrika Mashariki?

Ni ya Jumuiya, yenye makao makuu Arusha. Ile bluu kubwa ya nyuma ni Ziwa Victoria, ambalo linazigusa Tanzania, Kenya na Uganda. Wakazi wa Mwanza wachache wanalijua hilo, na ningependa walijue wote.

Bendera rasmi napata wapi, na iliyochakaa nifanyeje?

Bendera zenye vipimo na rangi sahihi hutolewa na Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Shule na ofisi za vijiji zinunue huko. Zile za barabarani mara nyingi bluu yake hugeuka kijivu kwa msimu mmoja wa jua na upepo wa Ziwa, na ukanda wake hauna vipimo. Bendera ikichanika pindo, ishushwe siku hiyohiyo ishonwe. Ikiwa imepauka kiasi kwamba huwezi kutenganisha kijani na bluu ukiwa ng'ambo ya uwanja, muda wake umekwisha: ikunjwe, iwekwe pembeni kwa heshima, na nyingine ipandishwe kesho yake asubuhi. Isigeuzwe turubai ya kufunikia dagaa wala kitambaa cha kufutia meza.